Je, wajua? Kwa nini mtumwa katika himaya ya Dune anaitwa "maula"

Mwishoni mwa riwaya ya Dune kuna faharasa ya maneno ya himaya, na kwenye herufi M limo neno lililonifanya nifunge kitabu nicheke. "Maula", inasema faharasa, ni mtumwa. Basi, imetoka hiyo. Kinachofuata ni bastola ya maula, silaha inayofyatuka kwa springi na kurusha vishale vya sumu umbali wa kama mita 40.

Mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili hawezi kulipita neno hilo kimya kimya. Mola ni Mungu. Maulana ni bwana wetu, jina la heshima waliloitwa masheikh wakubwa na masultani wa Oman. Nikahukumu papo hapo: huyu Mmarekani, Frank Herbert, aliishika kamusi ya Kiarabu kichwa chini miguu juu. Hukumu hiyo niliieneza kwa miaka kadhaa, tena kwa kujiamini, kila Dune ilipotajwa. Aliyeishika kamusi vibaya nilikuwa mimi.

Kwa ambaye hajaisoma: riwaya ilitoka mwaka 1965, baada ya kukataliwa na wachapishaji wengi, na aliyeikubali hatimaye ni kampuni ya Chilton, iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengenezea magari. Hadithi yenyewe ni ya mwaka 10,191 kwa kalenda ya himaya inayotawala sayari nyingi. Juu kabisa yuko Padishah Shaddam wa Nne, chini yake koo kubwa za kitawala, kisha koo ndogo, na kuendelea kushuka. Mfumo huo wa matabaka unaitwa faufreluches, na kanuni yake ni kwamba kila mtu ana mahali pake na asisogee hapo. Karibu na sakafu wako wakulima na vibarua waitwao pyon, ambao kisheria wako chini ya ulezi wa sayari yao. Na maula ni mtumwa.

Sasa turudi kwenye neno. Kwa Kiarabu ni mawla, na limejengwa juu ya mzizi wa w-l-y, ambao maana yake ya msingi ni kuwa karibu, kuambatana na kitu bila kingine kuingia katikati. Mzizi huo umezaa watoto wengi tunaowafahamu: walii, mtu aliye karibu na Mungu, wilaya, na liwali wa miji ya pwani, ambaye ni al-wali aliyemezwa pamoja na kiambishi chake. (Maulidi hayamo katika ukoo huu. Yale yanatoka kwenye w-l-d, mambo ya kuzaliwa. Hapo pia niliwahi kuteleza.)

Kama msingi ni ukaribu, mawla ni nani? Ni mmoja kati ya wawili waliofungwa pamoja. Neno halisemi ni yupi.

Chukua neno letu "mkwe". Mzee akisema, "Leo mkwe wangu anakuja," wewe jirani hujui kama anayekuja ni baba wa mkewe au kijana aliyemwoa binti yake. Wote wawili ni wakwe. Mmoja anapokewa kwa heshima na kukalishwa kiti kizuri. Mwingine huenda akatumwa kuchota maji kabla hajamaliza salamu. Vyeo vyao havifanani hata kidogo, ila jina ni moja, kwa sababu "mkwe" halitaji cheo, linataja kamba iliyo kati yao. Ukitaka kujua umeshika ncha ipi, sharti uangalie nani anasema na nani anasemwa. "Somo" nalo liko hivyo hivyo: ukiwa somo wangu, nami ni somo wako, hata kama wewe una miaka 70 na mimi bado nafungwa kamba za viatu.

Mawla ni kamba ya aina hiyo, isipokuwa huku na huku kuna mamlaka na unyonge. Bwana aliyemwacha huru mtumwa wake ni mawla wa yule mtumwa. Aliyeachwa huru naye ni mawla wa bwana. Mlinzi ni mawla, mlindwa ni mawla. Katika aya ya mwisho ya Sura al-Baqara waumini wanamwambia Mungu "anta mawlana", Wewe ndiye Mola wetu. Na katika vitabu vya historia Zayd bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na Mtume, anatajwa kuwa mawla wake. Mwarabu hasomi hapo makosa yoyote. Anasoma ncha mbili.

Na ncha ya chini ilikuja kuwa jina la tabaka zima. Chini ya dola ya Banu Umayya, kuanzia 661 hadi 750, watu wasio Waarabu waliosilimu, Waajemi wengi wakiwemo, waliunganishwa na kabila fulani la Kiarabu kama mawali, wingi wa mawla. Walikuwa Waislamu kamili na watu huru kwa sheria, lakini katika malipo ya jeshi, kodi na hata ndoa mara nyingi walikumbushwa mahali pao. Haishangazi kwamba wengi wao waliunga mkono harakati za Banu Abbas zilizoiangusha dola hiyo. Ukiuliza faufreluches inafanana na nini katika dunia hii, huo ni mfano mmojawapo.

Kwa hiyo Herbert alikuwa sahihi? Tusimpe maksi zote. Mawla kwa kawaida si mtumwa wa sasa hivi. Huyo ni abd. Mawla ni aliyekwisha kuachwa huru, au mfuasi aliye chini ya ulinzi. Faharasa imeruka ngazi moja, na kwa kuwa imetoa maana ya neno moja tu, huwezi kuapa kwamba mwandishi aliijua kamba yote. Maneno mengine yanashuhudia pande zote mbili. Panya wa jangwani katika hadithi anaitwa muad'dib, na mhusika mmoja anaeleza kuwa maana yake ni mwalimu wa wavulana. Hiyo ni barabara kabisa: mu'addib ni mwenye kuadibu, na adabu ni ile ile tuliyohimizwa utotoni. Kisha unakutana na "kull wahad", ambalo faharasa inasema ni mshangao wa mtu aliyeguswa sana moyoni. Kiarabu chake ni "kila mmoja" tu. "Kila" yetu imetoka humo humo kwenye kull, na sijawahi kumwona mtu akishika kifua na kusema "kila mmoja!"

Naib nalo lilinichekesha bure. Kwetu naibu ni mtu wa pili: Naibu Waziri, Naibu Spika. Kwa Wafremeni, watu wa sayari ya jangwa iitwayo Arrakis, naib ndiye kiongozi wa jamii yake. Lakini mwaka 1960 kilitoka kitabu cha Lesley Blanch kuhusu vita vya Imam Shamil dhidi ya Warusi katika milima ya Kaukazi, na Herbert alichota mengi humo, likiwemo jina Chakobsa la lugha ya siri. Manaibu wa Shamil walikuwa kila mmoja akitawala eneo lake. Naibu wa imamu, ukimwona kutoka kijijini, ndiye mkubwa wenyewe. Ni ile ile hadithi ya ncha za kamba.

Wengi pia hudhani Kiarabu katika himaya hii ni lugha ya watu wa chini. Sivyo. "Kull wahad" faharasa inasema ni la himaya nzima, na Padishah aliye kileleni anatumia cheo cha Kiajemi. Wafremeni wenyewe hawako chini ya ngazi. Wako nje yake, watu wasioandikwa katika sensa yoyote ya himaya. Na lugha yao haikuundwa kwa Kiarabu peke yake: maneno ya Chakobsa yanayotamkwa mwanzoni mwa riwaya yametoka kwenye lugha ya Waromani, wale wa Ulaya waitwao pia Gypsy, na katika mazishi jangwani mtu anaimba Kiserbia.

Kwa filamu za 2021 na 2024, zilizopigwa kwa sehemu huko Jordan na Abu Dhabi, kazi ya lugha alipewa David J. Peterson. Aliona kwamba baada ya muda mrefu kiasi kile maneno ya Kiarabu yasingeweza kubaki yakitambulika, akaunda Chakobsa yenye sarufi na msamiati wake. Hoja ni nzito. Sisi tumekaa na neno kitab karne chache tu na tayari tumelipa wingi wa vitabu, kana kwamba ki- ilikuwa yetu tangu zamani.

Na ndivyo lilivyotokea kwa mawla, jambo lililonichukua muda mrefu kuling'amua. Kiswahili kiliipokea kamba, kikalainisha aw kuwa o, kikabaki na ncha ya juu peke yake. Hakuna mtu wa Lamu wala Tanga anayemwita mlindwa wake mola. Himaya ya Herbert ilichukua ncha ya chini na kuitupa ya juu. Mimi nilikuwa nimesimama upande mmoja, nikimcheka aliye upande wa pili kwa kushika kamba vibaya.

Anayestahili kuonewa huruma ni mtafsiri wa Dune kwa Kiswahili atakapofika kwenye ile silaha ya vishale. Akiandika "bastola ya maula", nusu ya wasomaji watadhani imeteremshwa kutoka mbinguni.