Methadoni, unga na mikataba ya dunia: yasemwayo na yaliyopo

Kwenye kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini (unga) ili waiache, hakuna mengi ya kutazama. Mtu anafika dirishani, anatambuliwa, anapimiwa dawa ya maji kwenye kikombe cha plastiki, anakunywa palepale akiangaliwa. Kisha sharti atamke neno, lolote lile, hata "asante", ijulikane kuwa amemeza. Uvumi unaozunguka kikombe hicho ni mwingi kuliko ule wa kete, yaani kipakiti cha unga.

"Mnambadilishia ulevi tu"

Hili utalisikia hata kwa wasomi. Heroini huisha nguvu ndani ya saa chache, arosto ikaingia: kamasi, machozi, kuharisha, mifupa kuuma. Teja anayebeba sufuria ya mama yake kwenda kuiuza saa hiyo hatafuti starehe tena, anatafuta nafuu. Methadoni hukaa mwilini saa 24 au zaidi, na dozi ikishamkaa sawa halewi wala haumwi. Anaweza kwenda kubeba zege au kufungua genge lake. Mwili unaizoea, ndiyo, na akiikatisha ghafla ataumia. Lakini dawa hii inanywewa, haidungwi, na uzito wote uko hapo. Dar es Salaam, miaka ya 2000, watafiti walikuta watu wasio na hela ya kete wakijidunga damu waliyovutiwa kutoka kwa mwenzao aliyetoka kujichoma muda huohuo. Wakidhani damu ile ina unga wa kutosha kuwapoza. VVU na homa ya ini C vinataka njia gani nyepesi kuliko hiyo? Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, katika orodha yake ya dawa muhimu.

"Mikataba ya kimataifa inataka wafungwe"

Waliousoma Mkataba wa 1961, ule wa Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya, ni wachache kuliko wanaoutaja. Kifungu cha 38, kama kilivyorekebishwa na itifaki ya 1972, kinazitaka nchi zichukue kila hatua inayowezekana kuzuia matumizi, kutibu, kurekebisha na kumrudisha mtu katika jamii. Kifungu cha 36 kinaruhusu mtumiaji apelekwe kwenye tiba badala ya kuadhibiwa. Ureno, tangu 2001, anayekamatwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 anafikishwa mbele ya kamati, si mahakamani. Wapo wanaosema wamehalalisha. Hapana, dawa za kulevya bado ni marufuku.

"Ushirikiano ni manowari kukamata majahazi"

Picha za manowari zinavutia, sikatai. Aprili 2014 meli ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi karibu na pwani ya Kenya, na habari ile ilizunguka dunia. Karatasi hazizunguki. Methadoni iko chini ya udhibiti wa kimataifa, kwa hiyo kila mwaka nchi hupeleka makadirio ya mahitaji yake kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya iliyoko Vienna. Mnunuzi atoe kibali cha kuingiza, muuzaji atoe cha kusafirisha. Karani akichelewesha fomu moja, dirisha la kliniki linakauka.

Halafu kuna fedha. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni Februari 2011, ile ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na mkono wa Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, ulikuwa mkubwa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, huduma nyingi za VVU zilitikisika Afrika nzima. Mimi naona kosa lilikuwa letu: mgonjwa wa kila siku tulimwekea bajeti ya mradi.

"Watishe watoto, hawatagusa"

Picha za maiti na sindano hazijaonyesha kuzuia kitu. Viwango vya UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, na Shirika la Afya Duniani vinataja mambo yasiyo na kishindo: kuwafundisha wazazi malezi, kuwafundisha watoto stadi za maisha darasani.

"Akitoka soba ameshapona"

Hili ndilo linaloua. Mtu akikaa soba, nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, miezi kadhaa bila kutumia, mwili unasahau unga. Kiasi alichokuwa akivuta au kujidunga zamani bila shida, siku anayorudi maskani kinaweza kumzimisha pumzi. Wanaotoka gerezani wako katika hatari hiyohiyo. Ndugu wanapika pilau la kumpokea, hakuna aliyeambiwa jambo hili. Kuna naloksoni, dawa ya sindano au ya kupuliza puani, inayorudisha pumzi ndani ya dakika chache, na tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri ifike mikononi mwa wale wanaoweza kuwa karibu mtu anapozidiwa: rafiki wa maskani, mke, mama mwenye ile sufuria.