Je, wajua? Alamu ya gari haikati stata mpaka mwizi azungushe ufunguo

Taa zikikonyeza baada ya kubonyeza rimoti, wengi huamini kwamba alamu imeshakata waya wa stata (mota inayoamsha injini) na gari limekufa hadi asubuhi. Hata baadhi ya wanaojifungia alamu wenyewe huamini hivyo, kisha betri ikiisha wanailaumu rilei. Katika ufungaji uliozoeleka, waya wa stata hubaki mzima usiku kucha. Anayesababisha ukatwe ni mwizi mwenyewe.

Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Waya mwembamba utokao swichi ya ufunguo kwenda stata hukatwa, ncha zake zikaungwa kwenye pini 30 na 87a. Rilei ikiwa haina umeme, pini hizo hugusana na stata hupiga kama kawaida. Koili, yaani waya uliosokotwa unaotengeneza sumaku hiyo, nayo ina pini mbili: 86 hupokea volti 12 kutoka swichi ya ufunguo, na 85 hupata hasi kutoka alamu iliyotegwa. Alamu inaweza kutoa hasi yake hadi alfajiri. Ufunguo usipozungushwa, zile volti 12 hazipo, na koili hailambi kitu; ukizungushwa, koili hupata umeme na kuzitenganisha 30 na 87a. Ni mlinzi aliyelala kizingitini: mlango u wazi, ila hakuna apitaye bila kumkanyaga.

Ujanja huo una hesabu yake. Koili ya kawaida hula takriban miliampea 150. Ingeshikiliwa wiki nzima, ingemaliza kama ampea-saa 25, zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45.

Hapa ndipo penye mtego. Baadhi ya nyaya za swichi hupoteza umeme stata inapopigwa. Ukiunga 86 kwenye waya wa namna hiyo, rilei italala sekunde ileile inapohitajika. Pima kwa mita huku mwenzako akipiga stata, na uchague waya usiozima.

Na kwa nini stata, si pampu ya mafuta? Rilei ikiharibika gari likiwa mwendoni, stata haina kazi wakati huo, hivyo injini haizimiki.

Lakini mwizi akiwahi kung'oa nyaya za alamu, 30 na 87a zitaendelea kugusana na gari litawaka. La gia za mkono linaweza hata kusukumwa likawaka, king'ora kikilia. La kuwashwa kwa kitufe ni habari nyingine: stata yake huamriwa na kompyuta, na waya huo si wa kukatwa kwa kubahatisha.