Seva ya mafaili ofisini kwako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ofisi nyingi ndogo za Mbeya, kuanzia steshenari za Kabwe hadi studio za picha za Mafiati, hutunza kazi zao kwa njia mbili: flashi inayopita mkono kwa mkono, na akaunti ya hifadhi ya mtandaoni ya kampuni ya nje ambayo nafasi yake ya bure ilishajaa zamani. Njia ya tatu ni kutumia programu huria ambayo mtu anaisakinisha kwenye kompyuta yake mwenyewe, ikawa seva ya ofisi, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya wote. Mfano wa kwanza uliojulikana sana ni ownCloud, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mjerumani Frank Karlitschek, ambaye mwaka 2016 alijitenga na kuanzisha Nextcloud. Ipo pia Seafile. Kwa kifupi, kila kompyuta au simu huwekewa programu ndogo inayoangalia folda maalumu, na kila badiliko linalofanyika ndani ya folda hiyo hupelekwa kwenye seva, kisha seva huligawa kwa vifaa vingine.

Mambo mengi yasiyo sahihi husemwa kuhusu mfumo huu, mengine na wanaoukataa, mengine na wanaoushabikia kupita kiasi. Naona chanzo chake ni kimoja: watu husahau kwamba anayeweka seva yake anajitwika ile kazi ya mtunza ghala ambayo awali kampuni ya mbali ilimfanyia, kwa malipo au bure.

“Likishasawazishwa, faili liko salama”

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, na inaaminiwa hata na watu wenye ujuzi wa kompyuta. Kusawazisha maana yake ni kuhakikisha kwamba kilichopo hapa kinafanana na kilichopo kule. Kwa hiyo faili likiharibika hapa, uharibifu unasafiri. Likifutwa hapa, ufutaji unasafiri pia, tena kwa haraka ileile inayotufurahisha siku za kawaida.

Tuchukue studio ya picha yenye kompyuta tatu. Kijana wa uhariri anaona diski ya kompyuta yake imejaa, anafungua folda ya harusi za mwezi uliopita na kuifuta, akiamini kwamba anapunguza mzigo kwenye mashine yake tu na kwamba “zile za kwenye seva zipo”. Dakika chache baadaye folda hiyo haipo kwenye kompyuta yoyote. Alichopaswa kufanya ni kuingia kwenye mipangilio ya programu na kuondoa alama kwenye folda asizozihitaji, ili ziendelee kubaki kwenye seva bila kushushwa kwake. Katika Nextcloud mafaili yaliyofutwa huenda kwanza kwenye pipa, na kwa mpangilio wa awali hukaa humo siku 30, ambapo baadaye huondolewa iwapo nafasi inahitajika. Lakini pipa hilo pia haliruhusiwi kuchukua zaidi ya nusu ya nafasi iliyobaki kwa mtumiaji, na mafaili ya picha ni mazito. Mwenye nafasi finyu asilitegemee.

Hali ni hiyohiyo kwa virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha. Kompyuta moja ikiambukizwa kupitia flashi ya mteja, mafaili yaliyofungwa yatapelekwa kwenye seva kama mabadiliko halali, kwa sababu programu haina namna ya kujua kwamba aliyeyabadilisha hakuwa mwenye nayo. Matoleo ya zamani ya kila faili huweza kusaidia, ila kuyarudisha maelfu kwa maelfu ni kazi ya kuchosha mno.

Nakala rudufu ni kitu kingine kabisa. Kanuni inayotumika duniani kote ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Diski ya nje inayochomekwa kila Ijumaa jioni, ikanakiliwa na kupelekwa nyumbani kwa mwenye ofisi, inatosha kwa wengi. Kuna jambo ambalo hata mafundi hulisahau: kunakili folda ya mafaili pekee hakutoshi. Nextcloud huweka taarifa za watumiaji, ruhusa na folda walizoshirikishana ndani ya hifadhidata, kwa hiyo hifadhidata na folda ya mipangilio ni lazima vinakiliwe pamoja. Kwa Seafile uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi, kwa sababu huyakatakata mafaili vipande vipande kabla ya kuyahifadhi. Ukifungua diski yake moja kwa moja hutaona picha wala hati, utaona vipande visivyosomeka. Nextcloud, kwa mpangilio wa kawaida, huacha kila faili na jina lake, na mimi binafsi naihesabu hiyo kuwa faida kubwa siku ya maafa.

“Bila intaneti haina maana”

Kwa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ukweli ni kinyume chake, na hapa ndipo mfumo huu unapolipa. Kompyuta zilizomo ndani ya jengo moja huwasiliana na seva kupitia ruta na nyaya za humohumo, bila kugusa bando. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikadorora nchini, ofisi yenye seva ya ndani haikuwa na sababu ya kusimamisha ubadilishanaji wa mafaili.

Hesabu nayo ni rahisi. Picha za harusi zenye ukubwa wa GB 20, zikipandishwa mtandaoni kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, zinahitaji karibu saa tisa. Na kila kompyuta nyingine inayoyahitaji mafaili hayo inayashusha tena yote kwa bando lilelile. Kwa waya wa mtandao wa ndani wenye kasi ya gigabiti moja, mafaili hayo huhamia kwenye seva kwa dakika chache. Sharti ni moja: ikiwa kompyuta zinaifikia seva kwa jina la kikoa, yaani jina la maneno kama la tovuti, ruta ya ofisi iwekwe iweze kulitafsiri jina hilo yenyewe, la sivyo intaneti ikikatika kompyuta zitaitafuta seva iliyo chumba cha pili na zisiipate.

“Ukishaisakinisha utaifungua ukiwa popote”

Si lazima. Mitandao ya simu, ambayo ndiyo intaneti ya ofisi nyingi za Tukuyu, Mafinga au Makambako, kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, ile namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, na hivyo ombi linalotoka nje haliwezi kuifikia ruta yako hata ukifungua milango yake yote ya mtandao. Suluhisho ni kulipia anwani ya umma, au kutumia njia ya siri kama WireGuard kupitia seva ndogo ya kukodi. Ofisi ambayo watu wake wote hufanya kazi chini ya paa moja iachane na jambo hili. Seva isiyoonekana kutoka nje ina maadui wachache.

“Ni bure”

Programu ni bure, na leseni ya Nextcloud, AGPL, inakuruhusu kuitumia, kuichunguza na kuibadilisha. Vingine vyote vinalipiwa. Kompyuta ya zamani ya mezani inayokula wati 60 na kuwaka usiku na mchana itamaliza takribani uniti 43 za LUKU kwa mwezi, wakati kompyuta ndogo kama Raspberry Pi pamoja na diski yake huweza kutumia chini ya uniti 10. Hapohapo inaanguka ile dhana nyingine kwamba seva ni lazima iwe mashine kubwa: kwa watu watano au sita, kompyuta hiyo ndogo yenye RAM ya GB 4 inatosha, mradi mafaili yasikae kwenye memori kadi, ambayo haivumilii kuandikwa mfululizo wala umeme kukatika ghafla. UPS haikwepeki, hasa masika yetu yenye radi.

Kisha kuna muda wa mtu. Kila toleo kubwa la Nextcloud hupokea marekebisho ya usalama kwa takribani mwaka mmoja, na huruhusiwi kuruka toleo wakati wa kusasisha. Aliyelala miaka mitatu atapanda ngazi moja baada ya nyingine.

“Iko ofisini kwangu, hivyo taarifa ni za siri”

Cheti cha bure cha Let’s Encrypt, kinachoiwezesha seva kuficha mawasiliano yake, hulinda mafaili yakiwa njiani. Yakishafika kwenye diski hukaa wazi, na mwizi aliyebeba seva atayasoma, isipokuwa kama diski yenyewe ilisimbwa tangu mwanzo, yaani isisomeke bila nywila. Sheria nayo haikusamehi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ziwe kwenye seva yake au ya mwingine.

Kwa watu wawili au watatu, pengine seva haihitajiki kabisa. Syncthing, programu huria nyingine, husawazisha kompyuta kwa kompyuta bila mashine ya katikati, mradi zote mbili ziwe zimewaka kwa wakati mmoja. Mwenzako akifunga kompyuta yake saa tisa alasiri, kazi yako ya saa kumi ataipata siku atakayoiwasha tena, wewe nawe ukiwa umewasha yako.