Jina la mpwa wako kwenye lebo: kuuza vipodozi Ulaya ukiwa Zanzibar

Dada mmoja wa Unguja aliniwekea mezani vitu viwili: chupa ya mafuta ya mwili ya karafuu, na barua ya forodha ya nchi moja ya Ulaya. Katoni yake ya chupa 40 ilikuwa imezuiwa. Barua iliuliza jambo moja: ni nani anayewajibika kisheria kwa bidhaa hii ndani ya Umoja wa Ulaya? Yeye alielewa wanataka kujua mzigo ni wa nani. Akajaza jina la mpwa wake, binti anayesoma hukohuko, ambaye alikuwa akimpokelea maboksi na kuwapelekea wateja waliomfuata dada huyo Instagramu.

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kuwaandalia wazalishaji wadogo mafaili ya vipodozi, yaani kumbukumbu za viambato na usalama wa bidhaa. Kosa hili nimeliona mara nyingi, na linaniumiza kwa sababu anayeingia matatani ni ndugu aliyejitolea kusaidia. Kanuni ya Ulaya namba 1223/2009, inayotumika kikamilifu tangu 11 Julai 2013, inasema kila kipodozi kiwe na mwajibikaji aliyeko ndani ya Umoja. Kikitoka nje, mwajibikaji ni yule aliyekiingiza sokoni, labda awe amempa mwingine dhamana hiyo kwa maandishi, na huyo mwingine awe ameikubali kwa maandishi. Kwa hiyo yule binti, kwa kupokea mzigo na kuwapelekea wateja, alikuwa tayari ameshakuwa mwajibikaji. Jina na anwani yake vilipaswa kuwa kwenye kila chupa. Alipaswa kuisajili bidhaa kwenye CPNP, mfumo wa mtandaoni wa Ulaya wa kusajili vipodozi, kabla haijauzwa, kutunza faili lake kwa miaka 10 tangu bechi ya mwisho iingie sokoni, na kutoa taarifa kwa mamlaka mtu akidhurika vibaya.

Chupa mbili za zawadi kwa shangazi ni jambo jingine. Tunazungumzia kuuza.

“Lakini duka langu liko Zanzibar, wao ndio wanaonifuata,” aliniambia. Hoja hiyo haimlindi. Kwa kanuni namba 2019/1020, bidhaa inayouzwa mtandaoni huhesabiwa kuwa iko sokoni Ulaya ikiwa tangazo limewalenga wanunuzi wa huko. Yeye alikuwa ameandika bei kwa yuro na “tunatuma Ulaya nzima”.

Tukaanza na mapishi. Alinieleza: lita moja ya mafuta ya nazi, vijiko viwili vya chai vya mafuta ya karafuu. Faili halipokei vijiko, linataka asilimia kwa uzito, basi tukatoa mizani. Ikawa karibu asilimia 1 ya mafuta ya karafuu. Sasa, mafuta ya matumba ya karafuu yaliyo mengi yana yujenoli, kiambato kinachoweza kuleta aleji, kwa kiasi cha asilimia 80 hivi. Maana yake chupa yake ina yujenoli asilimia 0.8. Kwa kipodozi kinachobaki mwilini, kiwango cha kulazimika kuitaja kwenye lebo ni asilimia 0.001. Amekipita mara 800! Hakuna katazo hapo, yujenoli inaruhusiwa. Ila mtu mwenye aleji nayo ana haki ya kuisoma kabla hajajipaka, na lebo yake ilisema tu “nazi na karafuu asilia”.

Orodha ya vitu vya kutajwa kwa ajili ya aleji imepanuliwa mwaka 2023 na sasa ina zaidi ya 80. Kwa bidhaa mpya, mwisho wa kuanza kuifuata ni 31 Julai 2026. Kwa zilizokuwepo sokoni tayari, 31 Julai 2028. Ndiyo maana nawasihi: ukinunua mafuta ya karafuu, mlangilangi au mchaichai, mdai muuzaji cheti cha uchambuzi. Bila cheti hicho mtathmini, yaani mtaalamu anayepima usalama wa bidhaa na kuusainia, hana pa kuanzia. Huyu mtathmini lazima awe amesomea famasia, elimu ya sumu, udaktari au fani inayofanana, kwa shahada inayotambulika Ulaya. Faili naandaa mimi, saini anaweka mwenzangu aliyeko huko.

Mafuta matupu yana nafuu, kwa kuwa hayana maji na bakteria hawastawi humo. Krimu, au singo (mchanganyiko wa kusugulia mwili) iliyokwisha kuchanganywa na maji ya mawaridi, itahitaji jaribio la kuona kama kihifadhi chake kinazuia bakteria, na hapo ndipo fedha inapokwenda. Ukiweza, anza na mafuta au sabuni ya kipande.

Kwenye chupa ileile kulikuwa na maneno “hutibu ukurutu na maumivu ya viungo”. Neno “hutibu” linaigeuza bidhaa kuwa dawa mbele ya sheria, na dawa ina milango yake mingine kabisa. Tulilifuta kwenye lebo, kisha tukakaa jioni nzima tukilifuta kwenye picha zake za Instagramu, maana wakaguzi husoma na huko.

Uingereza ni safari ya pili. Tangu ilipojitoa, inataka mwajibikaji wake na usajili wake. Ireland Kaskazini imebaki na kanuni za Ulaya. Marekani ina sheria ya vipodozi iitwayo MoCRA, ya 29 Desemba 2022. Mwenye mauzo ya wastani chini ya dola 1,000,000 kwa mwaka amesamehewa usajili kwa bidhaa nyingi, lakini ushahidi wa usalama, lebo sahihi, na kuripoti madhara makubwa ndani ya siku 15 za kazi havina msamaha.

Katoni ile haikurudi. Tulitafuta kampuni inayofanya kazi ya uwajibikaji kwa malipo ya mwaka, mpwa akasaini hati ya kuikabidhi dhamana, nayo ikaikubali kwa maandishi. Lebo mpya inasomeka: Cocos Nucifera Oil, Eugenia Caryophyllus Bud Oil, Eugenol, Beta-Caryophyllene, chini yake anwani ya kampuni, ujazo, tarehe ya mwisho na “Imetengenezwa Tanzania” kwa lugha ya huko. Chupa mbili za bechi ya kwanza hazikuuzwa. Ziko kabatini kwake, zimeandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito, ili mteja akilalamika siku moja tuwe na cha kupima.