Milima Yetu Miwili Iko Nairobi

Mlima Gelai uko kaskazini mwa Arusha, jirani na Ziwa Natron. Shengena ni kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare, juu ya Same. Wengi wetu tumeiona kwa mbali tukiwa safarini. Wachache wanajua kwamba wako Gelai na Shengena wengine Nairobi, kwenye makumbusho ya reli, wamesimama juu ya magurudumu. Ni injini za mvuke, namba 5918 na namba 5930, na kila moja ilipewa jina la mlima wake.

Zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock miaka ya 1955 na 1956, kwa ajili ya reli ya pamoja ya Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zote za daraja (yaani kundi) la 59, zote zikabeba majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyowahi kuzishinda kwa nguvu popote duniani. Hazikuvuta treni huku kwetu Tanzania. Uzito wake kwa kila ekseli ulifika tani 21, nao ulihitaji reli nene kama zile za Mombasa hadi Nairobi. Majina ndiyo yaliyotoka kwetu.

Naanza na injini hizi kwa sababu ya swali ambalo sisi wahifadhi wa malikale tunaulizwa mara kwa mara tukienda shuleni na mitaani, Moshi na Arusha. Watu wamesikia kwamba huko nje kuna vyama vya wapenzi wa historia ya reli. Wanakutana kutoka mbali, watu wazima, wengine wana wajukuu, wanalipa nauli, wanapanda treni kuukuu, kisha treni inawarudisha palepale walipopandia. Wanapata nini? Swali ni la haki, na jibu lake linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Marekani watu wa namna hii walianza kuunda vyama mapema. Chama kimoja cha historia ya reli na injini kiliundwa mwaka 1921, na kingine cha kitaifa mwaka 1935, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifanya mkutano wa mwaka katika miji tofauti. Siku hizo za mkutano watu husikiliza mihadhara, hutembelea karakana, hubadilishana picha na ratiba za zamani. Kilele ni safari yenyewe. Treni ya kale inatoka stesheni, inakwenda mahali penye daraja zuri au kona yenye mandhari, inasimama. Abiria wanashuka na kujipanga nyuma ya kamba, mbali na reli. Treni inarudi kinyumenyume mpaka inapotea machoni. Kimya. Halafu dereva anaileta tena kwa kasi, moshi umeshiba, honi inalia, inawapita watu wote wakiwa wameshika kamera, inasimama mbele, nayo inarudi kuwachukua. Wakati inapita hakuna anayeruhusiwa kuongea, maana wapo wanaorekodi sauti tu.

Nimekaa kwenye suala la sauti kwa makusudi. Injini ya kawaida ya silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu likizunguka mara moja, na msikilizaji mzoefu anajua kwa masikio kama inapanda, inateleza au imefungwa vibaya. Gelai na Shengena ni za aina ya Garratt: boila moja nene, yaani tangi la kuchemshia maji, katikati, na pande zote mbili seti ya magurudumu yenye silinda zake, hivyo kwenye kona injini hujipinda kama jongoo. Seti mbili maana yake ni pumzi za aina mbili. Zinaanza pamoja, zinaachana kidogo kidogo, zinapishana, zinakutana tena. Hakuna bamba la maelezo linaloweza kumfundisha mtoto jambo hilo. Lazima injini itembee.

Ili itembee, lazima wawepo watu wanaojua. Boila baridi haiwashwi asubuhi ya safari. Moto huanza saa nyingi kabla, aghalabu usiku wa kuamkia, tena moto mdogo. Ukiharakisha, chuma kinatanuka bila kulingana, mabomba yanaanza kuvuja kwenye maungio, na hasara yake ni miezi ya matengenezo. Mchochea moto anaangalia kioo cha maji kuliko anavyouangalia moto. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, chuma kinalainika na boila inaweza kulipuka. Ndiyo maana paa hilo huwekwa kizibo chenye madini laini yanayoyeyuka mapema, mvuke umwagike kwenye moto kabla hayajawa maafa. Marekani sheria inataka boila ifunguliwe na kupimwa unene wake baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litangulie. Kwa hiyo nauli ya ile safari ya kwenda na kurudi ndiyo inayolipa boila na mafundi, na kijana anayeshika koleo pembeni ya mzee ndiye atakayekuwa mzee huyo baadaye.

Nchini Wales kuna mfano ninaoupenda zaidi. Reli ndogo ya Talyllyn, iliyojengwa kubeba mawe ya kuezekea, ilikuwa inakufa baada ya mwenye mali kufariki mwaka 1950. Watu wa kawaida wakaunda chama, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha wenyewe kwa kujitolea. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa hivyo. Hawakuwa matajiri, ila waliwahi kabla vyuma havijauzwa na waliokuwa wakiiendesha walikuwa bado hai.

Huku kwetu njia ipo. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua 1899, na Moshi haikuliona garimoshi mpaka 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18, huku Waingereza waliotoka Mombasa 1896 wakiwa wamefika Kisumu 1901. Kazi ya tuta ilifanywa kwa jembe na karai na mikono ya babu zetu, wengine kwa kulazimishwa, na hilo nalo ni sehemu ya historia ya reli ambayo mpenzi wa treni hana ruhusa ya kuiruka. Mataruma waliyolaza, yale yanayolala chini ya reli na kuzishika, yalikuwa ya chuma, kwa sababu mbao zingeliwa na mchwa. Vita Kuu ya Kwanza ilileta njia nyingine kutoka Voi kupitia Taveta, ikaunganishwa na yetu Kahe mwaka 1916. Arusha ilifikiwa mwaka 1929. Kahawa ya mlimani na mkonge wa nyanda za chini vilishuka kwa njia hii kwenda baharini. Mwaka 1963 kikajengwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kuunganisha njia yetu na reli ya kati, ndipo mtu wa Moshi akaweza kwenda Dar es Salaam kwa treni.

Kisha treni ya abiria ikakoma kwa zaidi ya miaka 20. Nyasi zikafunika reli, miti ikaota katikati ya mataruma, na mtoto aliyezaliwa wakati huo alikua akidhani ile njia ni ya mbuzi. Treni ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Reli zilirudishwa kazini, lakini katika ile miaka ya kimya wengi wa waliokuwa wakijua walistaafu na kurudi vijijini, na wengine tumewazika.

Mstaafu mmoja wa reli alituletea taa yake ya mkono hapa Moshi, ile ya gadi, msimamizi wa treni. Aliiweka mezani, akashika sehemu ya juu kwa vidole viwili na kuizungusha: kioo cheupe kikapisha chekundu, chekundu kikapisha cha kijani. Aliweza kuifanya akiwa amefumba macho. Alama ya kidole gumba imelika kwenye bati, mahali palepale. Mwenzangu mmoja alitaka kuipiga msasa ing'ae, nikamzuia. Ile alama ndiyo historia yenyewe. Ukiisugua unabaki na taa tu, na taa zipo nyingi.

Ndiyo maana nawasihi wenye nyumba za Moshi, Same, Korogwe na Arusha: fungueni masanduku. Tiketi ndogo ya kadibodi, kifungo cha sare, kitabu cha ratiba, barua ya uhamisho kutoka Tabora, picha ya harusi iliyopigwa stesheni, vyote vina thamani kwa anayetafuta. Picha usiibandike kwa gundi wala kuilaminisha. Nyuma yake, kwa penseli laini na bila kukandamiza, andika nani, wapi, mwaka gani. Kalamu ya wino hupenya na kuharibu upande wa mbele. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na jua na moshi wa jikoni. Bati na shaba usivisugue; vifute vumbi kwa kitambaa kikavu, inatosha.

Chuma cha reli ni jambo jingine kabisa. Kung'oa taruma, boliti au kipande cha reli ili kukiuza kwa kilo ni kosa la jinai, na kinaweza kuua abiria. Hata anayesema anakihifadhi kama kumbukumbu hana haki hiyo. Na wale vijana wanaopiga picha wakiwa wamesimama katikati ya njia, hasa madarajani: njia hii sasa inapita treni. Treni ya mizigo haisimami kwa umbali unaoudhania, na ikija upepo ukiwa upande mwingine huisikii. Kaa pembeni, mbali na tuta. Picha nzuri za treni hupigwa kutoka pembeni, kama wanavyofanya wale wa kamba.

Siku moja natamani kuona safari ya namna ile kati ya Moshi na Arusha, Kilimanjaro nyuma na Meru mbele. Gelai ni mzito mno kwa njia hii, lakini Nairobi yuko pia Nyaturu, injini namba 3020, nyepesi zaidi, yenye jina la watu wa Singida. Yeye na Gelai waliwahi kufufuliwa wakavuta safari maalumu za wapenzi wa treni. Lakini hilo linahitaji fedha, vibali na mafundi. Kazi ya wiki hii haihitaji hata kimoja.

Kama nyumbani kwenu kuna babu aliyekuwa dereva, gadi, mpiga pointi (anayegeuza njia za treni) au stesheni masta, keti naye na simu yenye kurekodi. Usimuulize maisha yalikuwaje, atakujibu kwa ufupi. Muulize maji walipakia stesheni zipi, na nini kilitokea yalipokosekana. Muulize mvua kubwa ilikata njia wapi. Muulize walikula nini kwenye injini na walipikia nini. Koleo ya makaa ikisafishwa vizuri hukaanga mayai. Muulize mlio wa injini ya mvuke alikuwa anautambuaje kutoka mbali. Hapo huenda akanyamaza kidogo, akasogeza kiti, akaanza kuuigiza kwa mdomo, polepole kwanza, kisha kwa kasi, ikipanda. Usimkatishe, na usizime simu.