Upasuaji wa hedhi nzito: kinachoogopwa na kinachostahili kuogopwa

Mwanamke anayelowesha pedi kila saa, anayetandika khanga kuukuu juu ya shuka kila usiku wa hedhi, mara nyingi huchelewa hospitali kwa sababu ya maneno aliyoyasikia.

Dhana: Ukitolewa kizazi, uzee unakuingia siku hiyohiyo.
Ukweli ni kwamba homoni za kike hutengenezwa na ovari, wala si na mji wa mimba. Ovari zikiachwa, hedhi hukoma lakini homoni huendelea kutoka, ingawa kwa baadhi ya wanawake ovari huchoka mapema kidogo kuliko ambavyo zingechoka. Zikitolewa zote mbili kabla ya umri wa kukoma hedhi, joto la ghafla na ukavu ukeni huweza kuanza ndani ya siku chache. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa ni hili: ovari zangu zinabaki?

Dhana: Hatari yenyewe ni kutoamka kwenye nusu kaputi.
Hilo ni nadra kwa upasuaji uliopangwa. Kizazi kinapotolewa, mimi ningehofia zaidi mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, kwani hupita takriban sentimita mbili tu kutoka shingo ya kizazi, chini ya mshipa ambao daktari hana budi kuufunga. Mrija au kibofu kikijeruhiwa bila kugunduliwa, mkojo huweza kuanza kuvuja ukeni siku kadhaa baadaye. Yapo pia maambukizi, na damu kuganda miguuni: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hilo si uchovu wa kidonda, ni dharura. Na anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na upungufu mkubwa wa damu hujiongezea uwezekano wa kuhitaji damu ya watu, ilhali mara nyingi madini ya chuma na dawa za kusimamisha hedhi zingeweza kumjenga kwanza.

Dhana: Kuunguza ukuta wa ndani wa mji wa mimba ili kupunguza hedhi ni sawa na kufunga uzazi.
Sivyo hata kidogo. Mimba huweza kutunga, na ikitunga huwa ya hatari: huharibika, au kondo la nyuma hujishikiza mno kwenye ukuta uliojaa makovu. Uzazi wa mpango bado unahitajika. Wakati wa utaratibu wenyewe mji wa mimba unaweza kutobolewa, na ukuta unapokatwa kwa kifaa chenye kamera, maji yanayotumika kuutanua yanaweza kuingia kwenye damu kupita kiasi, ndiyo maana muuguzi huyapima yanayoingia na yanayotoka.

Dhana: Kusafishwa kizazi kunamaliza tatizo.
Husaidia kusimamisha damu ya dharura na kupata kinyama cha kupima, lakini hedhi nzito kwa kawaida hurudi. Kukwangua mara kwa mara kunaweza kuzifanya kuta za mji wa mimba zishikamane.