Kuacha vepu na kuishi na arosto: maswali ninayoulizwa zaidi

Mimi ni nesi hapa Dar, zahanati ndogo tu ya mtaani. Zamani aliyekuja kuniuliza habari za kuacha nikotini alikua mzee wa sigara anakohoa, siku hizi wanakuja vijana wa miaka 19, 22, anakaa ananiangalia kwanza kama nitamgombeza, ndo anaanza, dada nesi nina kaswali. Maswali yao nimeyakusanya hapa, na mengine ni ya mdogo wangu wa kiume maana na yeye alishikwa na vepu, yaani hizi sigara za umeme, kisawasawa, nilikaa nae nyumbani mpaka akaacha.

Vepu si mvuke tu wa maji wenye harufu ya embe?

Hapana, wala sio maji. Ndani kuna kimiminika cha propilini glaikoli na gliserini, kimetiwa ladha na nikotini, betri inapasha moto kiwaya kidogo na kile kimiminika kinageuka moshi mweupe wa vitone vidogo sana, hivo vitone ndo vinashuka mpaka mapafuni na nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10 mpaka 20. Ni kweli hamna tumbaku inayoungua kwaiyo hamna ile lami na ile kaboni monoksaidi ya sigara, na sitakudanganya kwamba vepu ni mbaya kuliko sigara, sio. Ila kuwa nafuu kuliko sigara sio kuwa salama, na kwa kijana ambae hajawahi kuvuta chochote hamna nafuu yoyote hapo, ni hasara tupu.

Na tafadhali sana usivute zile za kuchanganya mtaani, hasa zenye mafuta ya bangi. Mwaka 2019 Marekani watu walianza kulazwa mapafu yamefeli, mpaka Februari 2020 walishafika zaidi ya 2,800 na 68 walikua wamefariki, wengi walitumia vepu za bangi zilizotiwa mafuta ya vitamini E asetati ya kuongezea ujazo.

Sigara nilikua navuta nne kwa siku na siku nyingine nasahau. Mbona vepu siwezi kukaa nayo mbali hata nusu saa?

Hili ndo swali lenyewe, na wengi wanaoniuliza wanakua na aibu wanadhani wamekua watu dhaifu. Sikiliza. Sigara ina mwisho. Unaiwasha, inaungua dakika tano, inaisha, unakanyaga kichungi, ukitaka nyingine inabidi utoe hela utoke nje uombe kiberiti, na harufu inakuumbua kwa mama. Vepu haina mwisho. Unapuliza mbili ukiwa kitandani, moja chooni, tatu kwenye foleni ya Mwenge, moja chini ya dawati, hakuna anaejua na wewe mwenyewe huhesabu. Mdogo wangu nilimwambia siku moja tuhesabu tu bila kupunguza, kila ukipuliza weka punje ya maharage kwenye kikombe, saa 6 mchana kikombe cha chai kilikua kimekaribia nusu, alikaa anakiangalia hakusema kitu.

Halafu kuna nikotini yenyewe. Vepu nyingi za kutumia na kutupa zina chumvi ya nikotini, hiyo haikwaruzi koo, kwaiyo wanaweza kuweka nyingi na mtu asikohoe. Ukiona imeandikwa 5% maana yake ni kama miligramu 50 kwa kila mililita, ikiwa na mililita 10 hapo umeshika miligramu 500 mkononi. Mvuta sigara kwa sigara moja mwili wake unachukua kama miligramu 1 mpaka 2 tu. Sio yote iliyoko kwenye vepu inaingia mwilini, lakini si unaona mwenyewe? Nchi za Umoja wa Ulaya wameweka kikomo miligramu 20 kwa mililita, huku kwetu vitu vya 5% vinapita mkononi mwa mtoto wa sekondari.

Ubongo ukizoea kumwagiwa nikotini siku nzima unaongeza vile vipokezi vyake, yaani sehemu zinazoipokea nikotini, ni kama nyumba iliyoongeza midomo ya kulisha, ukichelewa kidogo yote inalia. Huo sio udhaifu wako, ni dawa imefanya kazi yake.

Nikiacha leo nitapitia nini?

Nikotini nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya kama masaa mawili, kwaiyo arosto, yale mateso ya mwili kukosa nikotini, inaanza siku hiyohiyo. Siku ya 2 na ya 3 ndo kilele: hasira za karibu karibu, kichwa kinauma, usingizi unakatika, huwezi kusoma ukurasa mmoja ukauelewa, njaa, wengine choo kinakua kigumu, wengine wanajisikia kulia tu bila sababu. Baada ya wiki ya kwanza inashuka, na kwa wengi ndani ya wiki 2 mpaka 4 mambo ya mwili yameisha, zinabaki zile hamu za kustukiza. Kama unajisikia huzuni nzito isiyoondoka au mawazo ya kujidhuru usisubiri wiki, njoo kituo cha afya siku hiyohiyo, waambie wazi umeacha nikotini.

Hamu ikija kwa nguvu nafanyaje? Maana pale akili inasimama kabisa.

Jua kwanza kwamba hamu ina urefu. Inapanda, inafika juu, inashuka, kwa kawaida ni dakika chache tu, 3, 5, mara nyingine 10, ukivuta au usipovuta itashuka. Mtu anadhani isipotulizwa itaendelea kupanda mpaka apasuke, haipandi hivo.

Usiku wa tatu wa mdogo wangu ndo ulikua mbaya. Mchana alishatupa vepu yake kwenye ndoo ya taka, usiku nikasikia mtu anapekua, natoka naikuta ndoo imelazwa na yeye amechuchumaa pale kwenye maganda ya viazi. Sikumgombeza. Nilimpa barafu ya ubuyu kutoka kwenye friji nikamwambia kaa hapa ngazini tuangalie saa. Ilikua saa 3 na dakika 14. Alikua anaing'ata ile barafu, mguu unacheza, ananijibu ovyo, mara anasimama anakaa, na ilipofika saa 3 na dakika 21 akaanza kunihadithia mambo ya mpira, hapo nikajua imepita. Dakika saba. Tukaandika kwenye kalenda ya ukutani 7. Kesho yake akaandika mwenyewe 5, halafu 6, halafu 4. Ile kuandika ilimsaidia kuliko maneno yangu yote kwa sababu alikua anaona kwa macho yake kwamba kila moja imeisha.

Kwaiyo saa ndo ya kwanza. Mdomo upe kazi, barafu, karafuu moja chini ya ulimi, kipande cha tangawizi, ubuyu, karanga, au mswaki wa mti, huo naupenda kwa sababu na mkono unapata kitu cha kushika. Kunywa maji ya baridi taratibu. Ondoka ulipo, kama uko chumbani toka nje, kama umekaa simama. Pumua kwa pua polepole, toa kwa mdomo polepole zaidi kuliko ulivyoingiza, mara kumi, maana sehemu ya utamu wa vepu ulikua ni ile pumzi ndefu na hiyo ni ya bure. Na uwe na mtu mmoja wa kumtumia meseji neno moja tu, "imekuja", na yeye ajue kazi yake ni kukuongelesha mpaka ipite.

Wiki 2 za mwanzo kaa mbali na pombe, hili nasisitiza sana, wengi wanaorudi wanarudi na bia mkononi. Na hiyo vepu usiitupe ndoo ya jikoni kama sisi, itoe nyumbani kabisa, ila usiichome pamoja na taka kwa sababu betri ya lithiamu inaweza kulipuka.

Mbona Ramadhani nakaa kutwa nzima bila kuvuta na miezi mingine ndo inanitesa?

Kwa sababu akili inajua mlango umefungwa. Saa 5 asubuhi hamu inakuja inagonga, haijibiwi, inaondoka. Angalia lini inazidi, ni saa 11 na nusu jioni pale unapoona magharibi inakaribia, mlango unataka kufunguliwa. Hiyo ni elimu kubwa kuhusu mwili wako mwenyewe, umeshakaa masaa 13 mara 29 au 30, tatizo lako lipo kati ya futari na daku tu. Wapo walioacha kwa njia hiyohiyo, kwanza wanasogeza ile ya kwanza mpaka baada ya tarawehe, halafu wanaiacha kabisa kabla ya Idi. Na asiefunga anaweza kujiwekea mipaka yake: chumbani hapana, kitandani hapana, kabla ya saa 4 asubuhi hapana, yaani unairudishia vepu ule mwisho ambao haina.

Kwaiyo nipunguze au nikate siku moja?

Zote zinafanya kazi. Ukipunguza weka tarehe ya mwisho na umwambie mtu, sababu kupunguza kusiko na tarehe kunarudi palepale. Unaweza pia kushuka nguvu ya nikotini hatua kwa hatua, ila jichunge usianze kupuliza mara mbili zaidi kufidia.

Kuna dawa?

Zipo. Kuna bigijii za nikotini za miligramu 2 na 4, na kuna plasta za kubandika kwenye ngozi, Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu toka 2009. Sio kila famasi wanazo na bei sio ndogo, piga simu kwanza uulize. Bigijii yake haitafunwi kama bigijii ya dukani, unatafuna taratibu mpaka usikie inawasha, unaipaki kati ya fizi na shavu, ikipoa unatafuna tena, kama nusu saa hivi, na usinywe kahawa, soda wala juisi robo saa kabla kwa sababu ile asidi inazuia nikotini isiingie. Wanaosema haifanyi kazi wengi waliitafuna haraka wakapata kwikwi na kiungulia. Plasta ikikuletea ndoto mbaya itoe wakati wa kulala. Vipo na vidonge, vareniklini na bupropioni, hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, na bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mjamzito usijinunulie chochote, sema kliniki, hakuna atakaekufukuza. Ushauri wa bure unapiga 199, namba ya Wizara ya Afya.

Nimekuta vepu kwenye begi la mwanangu.

Mama, usianze na fimbo. Muulize anavuta ya kwanza saa ngapi baada ya kuamka, akisema kabla hata ya kupiga mswaki basi huyo ameshashikwa na atahitaji msaada, sio vitisho. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo hicho kimiminika kifungie mbali, kinanukia kama pipi, mtoto akikinywa hata kidogo mkimbize hospitali na chupa yake mkononi, usimtapishe.

Niliacha siku 9 nikateleza. Nianze upya?

Siku 9 hazijafutika, vile vipokezi vilishaanza kupungua. Tupa leo, sio Jumatatu. Jiulize ulikua wapi, na nani, umeshika nini, hapo ndo pa kuziba.

Itaisha kabisa lini?

Mdogo wangu alikaa miezi nane hajaigusa, tukaenda harusi Tanga, jamaa mmoja meza ya nyuma akapuliza ile ya embe. Akanishika mkono, dada, imekuja hiyo, akatoa simu aangalie saa. Pilau ilivyofika mezani nikamuuliza ilichukua ngapi, akasema haikumaliza hata dakika moja, akaomba kachumbari.